Paa Lililovaa Kondoo

Ramzi Ahmad hajawahi kukosea. Kinu cha upepo alichokisimamisha nyuma ya nyumba yake mwaka 1986, ili kivute maji ya kisima, kiliangukia choo cha jirani kwa sababu upepo wa Machakos hauna msimamo: asubuhi unashuka kutoka vilima vya Iveti, jioni unatoka popote unapotaka. Tangi la saruji lililofuata lilivuja kwa sababu saruji ya siku hizi si saruji. Mke wake wa kwanza, mwanamke mpole wa Kitui aliyekuwa haachi kukuta mlango wa jiko lake umehamishwa, aliondoka kwa sababu mama yake alimlea vibaya. Haya ndiyo maelezo ya Ramzi, na huyatoa bila kuulizwa. Kila kilichoanguka mikononi mwake kilianguka chenyewe.

Kazi yake ni kutengeneza cherehani, na hapo ana haki ya kujivuna kidogo. Alijifunza Nairobi kwa Mhindi mmoja mkali ambaye hakuwa akirudia maelezo, akarudi Machakos akiwa bado kijana, akaweka meza yake katika chumba cha mbele cha nyumba ya babu yake, nyuma ya soko. Cherehani za kukanyaga huletwa kwake kutoka Kalama, kutoka Wamunyu, hata kutoka Ekalakala, zimefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, nazo hurudi zikishona. Mtu mwingine angetosheka. Ramzi aliona kwamba akili inayojua cherehani inajua kila kitu, kwa kuwa vitu vyote vina skrubu mahali fulani.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri kuliko alivyostahili. Babu yake alitoka Lamu na majora ya nguo, akajenga kwa mawe, vyumba viwili tu, akaweka juu yake paa la mabati lenye mgongo mkali, kama yalivyokuwa maduka ya Wahindi waliomzunguka. Chini ya mgongo huo palikuwa na sakafu ya mbao ambako mzee alihifadhi majora yake. Alipokufa, panya walihifadhi watoto wao hapohapo, na hakuna aliyewasumbua mpaka Ramzi, akiwa amepita miaka arobaini, alipotaka kumuoa Hani.

Hani alikuwa mjane. Mume wake, dereva wa lori, alifia njia ya Garissa, naye akarudi kukaa kwa kaka yake Korane, mfanyabiashara wa mifugo ambaye nyumba yake ilikuwa na watoto wengi kuliko milango. Alikuwa na kibanda cha mabuibui na leso sokoni, na cherehani ya kupindia. Cherehani hiyo ndiyo iliyomfikisha kwa Ramzi. Ilikuwa ikiruka mishono. Ramzi aliitengeneza, akakataa malipo, ikaruka tena, akaitengeneza tena, na kufikia mwisho wa mwaka 1998 sokoni hakukuwa na mtu asiyejua kwamba cherehani ile haikuwa na ugonjwa mkubwa.

Korane hakuwa na pingamizi. Mwenye sharti alikuwa Hani, nalo lilikuwa moja. Mama yao, Bi Sainab, alikuwa akilala sebuleni kwa Korane, miguuni mwa watu, na kifua chake hakikupatana na baridi ya Machakos. Hani alisema haendi nyumba yoyote bila mama yake. Ramzi akionyesha chumba kikavu chenye joto ambamo Bi Sainab anaweza kulala mwezi wa saba bila kukohoa, nikahi ifuate. Asipoonyesha, basi cherehani imepona.

Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi na cha nyuma kilikuwa cha kulala. Kilichobaki ni darini.

Sasa, mtu akitaka kugeuza dari la namna ile kuwa chumba, mji mzima wa Machakos unajua la kufanya. Unaweka ngazi ya maana, unatoboa dirisha kwenye ukuta wa pembe tatu, unapigilia silingi ya sofbodi chini ya mapau, ukiacha nafasi ya hewa kati yake na mabati, kisha unapaka rangi. Mabati matupu ni tanuri mwezi wa pili na ni barafu mwezi wa saba. Sofbodi yenye hewa nyuma yake hupunguza yote mawili. Si ajabu. Kila duka la barabara kuu limefanyiwa hivyo.

Kwa sababu hiyo hasa, Ramzi hakutaka. Sofbodi, alisema, ni karatasi inayojidai mbao. Yeye alikuwa na gazeti.

Lilikuwa gazeti la picha la ng'ambo, la mambo ya nyumba, alilolipata kwenye rundo la vitabu vya mitumba. Ndani yake kulikuwa na nyumba ya nchi ya theluji, na darini mwa nyumba hiyo mzungu mwenye miwani alikuwa akijaza sufu ya kondoo kati ya mapau, nyeupe, nene, kama mawingu yaliyopangwa kabatini. Ramzi aliusoma ukurasa ule kama watu wanavyosoma jambo walilokwisha kuliamini: picha kwanza, kisha maneno machache yaliyo chini ya picha, kisha picha tena. Akalibeba gazeti sokoni akawaonyesha watu. Kondoo, aliwaambia, hafi baridi. Mnajua kwa nini? Watu walisema hawajui, kwa kuwa walikuwa wakinunua vitunguu.

Kondoo wa mzungu yule ana sufu. Kondoo wa hapa kwetu, hasa yule wa kichwa cheusi anayeteremshwa kutoka Garissa na kuuzwa na akina Korane, hana. Ana nywele fupi, ngumu, kama za mbuzi. Ukipitisha kiganja unahisi brashi ya viatu. Jambo hili linajulikana kwa kila mtoto aliyewahi kushika kamba siku ya Idi. Ramzi amekula kondoo hao maisha yake yote. Lakini alikuwa ameamua kuhusu kondoo kutoka kwenye picha, na kondoo aliye mbele ya macho yake hakuweza kushindana naye.

Hapa inafaa kusema kwamba Ramzi hakuwa peke yake katika upumbavu huu. Alikuwa tu ndiye pekee aliyeuamini. Korane alijua kondoo wake. Alikuwa pia na ghala lililojaa ngozi zilizowekwa chumvi na kukaushwa, ambazo mnunuzi wake wa Athi River alikuwa ameacha kuzichukua, na Ramzi alipokuja kuuliza kama anaweza kupata ngozi za kondoo za kutosha paa zima, Korane hakusita. Aliwahi kuulizwa baadaye kwa nini aliuza ngozi hizo zikafunike kichwa cha mama yake mzazi. Alisema alidhani fundi anajua kazi yake.

"Hii ni mali ya Garissa, Bwana Ramzi," ndivyo alivyomwambia siku ile, akipigapiga ngozi moja iliyolia kama ubao. "Ikikaa juu ya nyumba yako, baridi itaomba ruhusa."

Mutiso naye alijua. Mutiso ni seremala wa Kalama, na ndiye aliyeitwa kuweka ngazi, dirisha na sakafu, kazi ambayo aliifanya vizuri. Zilipofika ngozi, alizitazama, akazinusa, akarudi nyuma hatua moja, akauliza sofbodi italetwa lini. Ramzi alimfungulia gazeti. Mutiso alitazama picha kwa adabu. Ramzi akamuuliza maoni yake, na jibu la Mutiso limekuwa msemo katika karakana za Machakos.

"Mimi niko na nyundo," alisema. "Maoni iko na wewe."

Akalipwa siku zake, akaenda zake Kalama. Kunyamaza kwake kulikuwa sehemu ya ujira.

Ramzi alifanya kazi iliyobaki peke yake, Februari nzima ya mwaka 1999, chini ya bati lililokuwa likichoma kama kikaango. Lazima ikubalike kwamba hakuwahi kufanya kazi safi kuliko ile. Alizishona ngozi mbili mbili, nywele ndani, kwa shazia na uzi wa katani, mshono umenyooka kama wa cherehani. Alikata kila pacha ikae sawasawa kati ya pau na pau, akaisukuma juu mpaka ikagusa bati, akaipigilia. Palipobaki mwanya alishindilia vipande. Matundu ya pembeni ambako upepo ulikuwa ukipita tangu enzi za babu yake aliyaziba yote kwa udongo. Juu ya ngozi, upande wa chumbani, alivuta karatasi ya nailoni ili pang'ae. Alipomaliza, hapakuwa na nafasi ya kupitisha unywele kutoka upande mmoja wa paa hadi mwingine. Ukosefu wa akili haujawahi kuzibwa kwa uangalifu kiasi kile.

Mwezi wa tatu ulianza kunuka. Ngozi ya chumvi haijaoshwa mafuta. Gazeti lilisema, katika mistari ambayo Ramzi hakuifikia, kwamba sufu huoshwa kwanza mpaka mafuta yote yatoke. Bati lilipopata moto mchana, mafuta yalilegea. Harufu ilishuka ngazi, ikakaa kwenye meza ya cherehani, ikaingia kwenye nguo za wateja. Ramzi alisema ni harufu ya mabati mapya. Mabati yalikuwa na umri kumzidi yeye. Hani alipita kuona kazi inavyoendelea. Kesho yake alituma ubani na chetezo. Kwa wiki kadhaa nyumba ile ikawa na harufu ya harusi iliyofanyiwa machinjioni.

Kisha, Aprili, mvua ikaja na kumpa Ramzi ushindi wa pekee katika maisha yake ya ujenzi.

Mtu aliyelala chini ya mabati anajua mvua ya Aprili ni nini. Mazungumzo hukatika, redio huzimwa, mtoto hulia bila kusikika. Chini ya ngozi za Ramzi, mvua ilinyesha kimya. Ilikuwa ni ajabu kweli. Jirani mmoja alipanda ngazi kuangalia, akashuka kuita mwingine, na alasiri hiyo watu walipanga mstari kwenye duka la cherehani ili wapande darini, wakae kwenye mkeka na kusikiliza kutosikia. Ramzi alisimama katikati yao akiwa ameinua kidole, kama mtu anayewaonyesha ndege. Walimsifu sana. Wenyewe walikuwa wameziba pua kwa leso na mikono ya kanzu, lakini walimsifu. Yule aliyeangukiwa choo na kinu cha upepo alisema kwamba sasa ameamini. Mji unaojua ukweli na kupiga makofi haumzidi Ramzi kwa lolote.

Korane alimleta mama yake aone. Bi Sainab alipandishwa ngazi polepole, akakalishwa, akageuza kichwa huku na huku.

"Mvua imekatika?" aliuliza.

Wakamwambia inanyesha, tena sana. Akataka dirisha lifunguliwe, akatoa mkono nje, ukarudi ukidondosha maji. Ramzi alicheka kwa furaha, akasema huo ndio uzuri wenyewe, mama, utalala kama uko Peponi.

"Mimi tangu nizaliwe nasikiliza mvua," Bi Sainab alisema. "Watu wangu wakisikia mvua, wanajua watoto watakunywa maziwa. Wewe umeifunga mdomo."

Ramzi aliwaeleza wageni kwamba wazee huhitaji muda. Hani alimtazama mama yake, akamtazama Ramzi. Ilikubaliwa kwamba mwezi wa saba, baridi ikishika, mama na binti walale darini siku kadhaa kabla ya neno la mwisho. Kwa heshima, Ramzi angehamia kwa mpwa wake Zaki, mtaa wa pili. Nguo za nikahi alikwisha kuzishonesha.

Wakahamia Julai. Siku za mwanzo zilikuwa nzuri, na hilo lazima lisemwe pia. Chumba kilikuwa na joto. Bi Sainab hakukohoa. Kila asubuhi Ramzi alisimama chini ya dirisha akitoa salamu kwa sauti ya kusikika sokoni, akiuliza mama ameamkaje, na Hani alijibu kutoka juu kwamba ameamka salama. Korane alianza kumwita shemeji. Mutiso, aliyepita mjini kununua misumari, aliitwa aone, akasema "Aiya," akaondoka haraka.

Halafu ukungu ukashuka kutoka Iveti na kukaa. Wenyeji wanaujua: haunyeshi, hauondoki, unalowesha shati lililoanikwa badala ya kulikausha. Na chumvi ikikaa kwenye hewa ya namna hiyo hunywa maji. Mama yeyote mwenye kikopo cha chumvi jikoni anaweza kukuambia. Ngozi za Ramzi zilikuwa na chumvi ya ghala zima, zimebanwa kwenye bati baridi, hewa haiingii wala haitoki, na upande wa chini kuna nailoni. Zilikunywa. Zilikunywa siku baada ya siku mpaka zikashiba, na asubuhi moja nailoni ikaanza kuvimba matumbo madogo madogo, na matumbo yale yakapasuka.

Ramzi alipofika kutoa salamu zake, hakuna aliyejibu kutoka dirishani. Aliwakuta chini, katika chumba cha kazi. Bi Sainab alikuwa amekaa juu ya sanduku la cherehani ya mteja, amefunikwa blanketi la Korane, kichwa kimeloa. Alikuwa anakohoa. Godoro lake lilikuwa limetandazwa juu ya meza mbili za cherehani za kukanyaga, likitoa maji ya rangi ya chai. Korane alikuwepo, ameitwa alfajiri, akiwa na uso wa mtu anayekumbuka alichouza. Hani alikuwa anamkausha mama yake nywele kwa leso.

Bi Sainab alijipangusa shavu kwa kidole, akakiweka kidole mdomoni.

"Chumvi," alisema.

Ramzi alipanda juu. Kila mtu alisikia nyayo zake kwenye mbao, huku na huku. Aliposhuka, mikono yake ilikuwa imelowa, na kwenye kanzu palikuwa na doa la kutu, kwa kuwa chumvi ilikuwa imeshaanza kula misumari na mabati yenyewe. Mtu aliyemjua kidogo angedhani sasa amebanwa. Lakini Ramzi alikuwa ameendelea kulisoma gazeti lake, na ukurasa wa pili, ambao huu aliusoma vizuri, ulieleza habari ya pumzi.

Akawaeleza. Mtu akilala, alisema, anatoa pumzi. Pumzi ina maji ndani yake. Inapanda juu kwa sababu ni ya moto, ikikuta paa la baridi inageuka kuwa matone. Chumba chake kilipimwa kwa pumzi ya kawaida. Mama, kwa ugonjwa wake wa kifua, anapumua sana, tena kwa mdomo. Maji yale si ya paa. Ni ya mama.

Hata Korane, ambaye biashara imemfundisha kusikiliza uongo bila kubadilisha uso, alitazama chini.

"Kwa hivyo mama apunguze kupumua?" Hani aliuliza.

Ramzi alisema hakumaanisha hivyo, ingawa, kama angeweza kulala kwa ubavu, ingesaidia.

Hani aliikunja ile leso, akaiweka juu ya bega. Wote waliokuwepo wanasema hakuinua sauti. Hakuwa na hasira ya paa, alimwambia. Paa linabomolewa, linajengwa lingine. Mutiso yuko, sofbodi ziko dukani, na hata kama hakuna sofbodi, yeye atampandisha mama yake ngazi ile kwa mikono yake, walale chini ya mabati matupu na mablanketi, mpaka baridi iishe. Yuko tayari. Anataka kitu kimoja tu kwanza.

"Mwambie mama kosa ni lako," alisema. "Neno moja tu, Ramzi. Hata kama huliamini, liseme."

Hapo ndipo maisha ya Ramzi Ahmad yalipokuwa mbele yake, katika chumba alimozaliwa, yakimngojea afungue mdomo. Alimpenda Hani. Hakuna mtu sokoni aliyewahi kulitilia shaka hilo. Alikuwa ametoboa vidole kwa shazia mwezi mzima kwenye joto la kuua kwa ajili yake. Aligeuka kwa Bi Sainab. Alipiga goti, jambo ambalo halikutarajiwa, akaushika mkono wa yule bibi. Korane anasema aliliona neno likipanda kooni mwake kama tonge.

"Mama," alisema Ramzi. "Nisamehe."

Hani aliachia pumzi. Na pengine mtu mwingine yeyote angeishia hapo.

"Nisamehe," aliendelea Ramzi, "sikujua kama mwanao ataniuzia ngozi mbovu."

Korane alisimama. Yaliyosemwa kati ya wanaume wale wawili hayahitaji kurudiwa hapa. Yalihusu kondoo, na yalisikika hadi kwa wauza vitunguu. Kila mmoja alisema kweli kuhusu mwenzake. Hani hakungoja yaishe. Alimvalisha mama yake viatu, akabeba chetezo chake cha ubani chini ya kwapa, wakatoka nje kwenye ukungu, bibi akikohoa, na godoro likabaki juu ya cherehani.

Aibu ilimfanya Korane afanye alichopaswa kufanya zamani. Alimjengea mama yake chumba uani, kidogo, chenye silingi ya sofbodi iliyopigiliwa na Mutiso, na Hani anaishi humo naye. Bi Sainab alimaliza baridi ile na nyingine zilizofuata. Anasema mvua husikika vizuri.

Ngozi zilishuka kutoka kwenye paa la Ramzi moja moja, zilipooza na kukatika zenyewe, hakuna aliyezitoa. Mabati yameliwa na chumvi hivi kwamba darini mchana unaweza kuona nyota zisizokuwepo. Ramzi anaweka mabeseni. Mteja akiuliza, anaambiwa mabati ya siku hizi si mabati. Bado analipenda lile gazeti, na bado anashona na kufungua cherehani vizuri kuliko mtu yeyote kati ya Athi River na Kitui, jambo ambalo linakera zaidi.

Ilikuwa kwa sababu ya ustadi huo kwamba Hani alirudi mara moja, mwaka 2002. Cherehani yake ilikuwa ikiruka mishono, safari hii kweli, na mafundi wengine wawili walikuwa wameshindwa. Aliiweka juu ya meza pamoja na rola ya uzi aliyokuwa akiitumia, akasimama mlangoni, hakukaa. Ramzi aliifungua. Mpwa wake Zaki, ambaye sasa anafanya kazi naye, alikuwa amesimama begani mwake, na ndiye aliyeona. Chini kabisa, mahali ambapo hakuna fundi mwingine aliyewahi kufika, skrubu ndogo ilikuwa imerudishwa upande na kukazwa hivyo hivyo, nayo miaka ilikuwa imeilegeza. Hapajawahi kufunguliwa na mtu isipokuwa Ramzi, siku zile za uchumba, alipokuwa akiifungua na kuifunga bila sababu.

Aliitoa skrubu, akaiweka sawa, akajaribu kwenye kitambaa. Mishono ilitoka imenyooka, yote.

"Ilikuwa na nini?" Hani aliuliza.

Zaki anasema mjomba wake alikaa muda mrefu akipangusa mafuta kwenye vidole, kidole kimoja baada ya kingine, na kwamba Hani alikuwa ameweka mkoba wake chini, kama mtu anayeweza kukaa akikaribishwa.

"Uzi," alisema Ramzi. "Uzi wa siku hizi."

Hani aliitazama ile rola, akaiacha pale mezani, akaokota mkoba, akabeba cherehani yake.